Mwani na Watu wa Mlimani

Ukikaa Soweto, Moshi, bahari ni habari ya watu wengine. Sisi tuna mlima. Asubuhi unatoka nje, unatazama kaskazini kujua kama Kibo iko wazi au imejifunika, kisha unaendelea na mambo yako. Samaki wetu ni perege wa Nyumba ya Mungu na dagaa wa Mwanza. Pwani ni mahali ambapo mtu huenda kwa basi, akasikia joto, akarudi. Ndiyo maana kijana wa hapa akisema anataka kusomea viumbe vya baharini, ukoo mzima humuuliza swali moja: hiyo kazi utaifanyia wapi?

Ninafundisha biolojia, na swali hilo nimelisikia likiulizwa mbele ya wanafunzi wenye alama nzuri sana. Udaktari unaeleweka. Ufamasia unaeleweka. Kilimo kinaeleweka, maana karibu kila nyumba ina kihamba mahali fulani huko juu, hata kama kimebaki na migomba michache na makaburi ya wazee. Bahari haieleweki. Katika kutafuta jibu la kuwapa wazazi, nimejikuta nikifuatilia historia ya zao moja la baharini. Miongoni mwa walioanzisha sayansi ya zao hilo nchini yumo mtoto wa mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Na yaliyolipata baadaye yanafanana mno na yaliyoipata kahawa yetu.

Kwanza tuliondoe wazo kwamba bahari iko mbali. Mito ya Karanga na Rau, ambayo watoto wa Moshi wanaijua kwa kuogelea na kufua, hushuka kutoka mlimani na kuingia katika bonde la Mto Pangani. Maji hayo hukusanyika Nyumba ya Mungu, kisha hutoka na kuteremka magharibi ya milima ya Upare, yakapita Same kwa mbali, yakapita Korogwe, mpaka yanamwagika kwenye Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Mfereji wa mtaani kwetu una mwisho wake, na mwisho huo una chumvi. Aliyezaliwa Upare aliishi kando ya njia hiyo ya maji.

Keto Mshigeni alizaliwa Upare. Alisomea mimea huko Dar es Salaam, wakati chuo cha pale kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974. Hakusomea kahawa wala migomba. Alisomea mwani, na hasa mwani mwekundu wa jenasi ya Hypnea.

Hapa inafaa nieleze mwani ni nini, maana msomaji wa bara anaweza kuwa anautumia kila siku bila kuujua. Mwani ni mmea wa baharini usio na mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Hunyonya virutubisho kutoka kwenye maji kwa mwili wake wote. Aina kadhaa za mwani mwekundu hutengeneza ute mzito uitwao karajini, na ute huo ukichujwa na kusafishwa hufanya kazi ya kushikanisha vitu vya majimaji visijitenge. Umo katika baadhi ya dawa za meno, aiskrimu, maziwa yenye chokoleti, nyama za makopo na vipodozi. Duka lolote la Soweto lenye rafu tatu lina uwezekano mkubwa wa kuwa na kitu kilichoshikanishwa na mwani.

Biashara yake katika pwani yetu ilitangulia kilimo chake. Kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuupanda, watu wa Zanzibar na pwani ya bara waliuokota mwani uliojiotea wenyewe, wakaukausha, wakauuza kwa wafanyabiashara walioupeleka Ulaya na Marekani. Ulikuwa kama uyoga wa msituni: unaokota ulichokikuta, na msimu ujao unaomba Mungu kikutwe tena. Kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imefifia.

Mwaka 1973 Mshigeni alichapisha makala katika jarida la Tanzania Notes and Records kuhusu uvunaji wa mwani nchini, akijikita kwenye jenasi ya Eucheuma. Mwaka 1976, katika jarida hilo hilo, alichapisha nyingine ambayo kichwa chake, kwa Kiswahili, kingesomeka hivi: ukulima wa mwani, jambo linalowezekana kwa vijiji vya ujamaa vya pwani. Mwaka huo huo, katika jarida la kimataifa la mimea ya bahari, aliandika juu ya majaribio ya kuotesha spora za Hypnea baharini kwa ajili ya karajini, na kwenye kichwa cha makala akaweka maneno mawili: matumaini na matatizo. Mwaka 1977 yeye na Adelaida Semesi, aliyekuja kuwa profesa na bingwa wa mikoko ya nchi hii, walichapisha uchunguzi wao wa karajini iliyomo katika Eucheuma ya Tanzania.

Tazama mpangilio wa kazi hizo. Kuna swali la msomi: mmea huu una nini ndani yake, na spora zake huotaje? Kuna swali la raia: nani atanufaika? Wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa halijafikisha miaka 10, na watu walikuwa wakihamishiwa vijijini kwa maelfu. Vijiji vya bara vilipangiwa mahindi, pamba, tumbaku. Vijiji vya pwani vilikuwa na nazi, samaki, na ardhi ya mawe ya matumbawe isiyokubali jembe. Mtu wa mlimani akawaambia kwamba shamba lao lipo mahali maji yanapokupwa.

Wazo hilo lilikuwa na msingi. Pale Hawaii alikosomea alikuwapo Maxwell Doty, mtaalamu wa mwani ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa akifanya kazi na Wafilipino kutafuta namna ya kulima Eucheuma badala ya kuiokota. Walifaulu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Ufilipino ikageuka kuwa mkulima mkubwa wa mwani duniani. Kwa hiyo Mshigeni alipoandika kwamba jambo linawezekana, mfano ulikuwa tayari upo Ufilipino. Katika miaka ya 1980 aliendelea na mashamba ya majaribio.

Kilimo chenyewe cha biashara kilikuja mwaka 1989, na kilikuja kwa sura tofauti na ile ya makala ya 1976. Ujamaa ulikuwa umepoa. Kampuni binafsi zilifika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, zikiwa na mbegu kutoka Ufilipino, kamba, na ahadi ya kununua mavuno. Hapakuwa na shamba la kijiji. Kila mkulima alikuwa na mistari yake ya kamba, na kampuni ilikuwa na mizani na bei. Na walioingia kwa wingi majini walikuwa wanawake.

Njia yake ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Unapigilia vigingi viwili vya mti mchangani mahali pasipokauka kabisa maji yakitoka. Unafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kwenye kamba hiyo umeshafunga vipande vidogo vya mwani kwa vikamba vyembamba, kimoja baada ya kingine. Baada ya wiki sita hivi kila kipande kimekuwa fungu zito. Unavuna, unabakiza vipande vya kupanda tena, unaukausha unaobaki juani, unapeleka kwenye mizani. Kazi hufuata bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali. Saa za kazi hupangwa na mwezi.

Ndani ya miaka michache mwani ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo Zanzibar inauza nje, pamoja na karafuu. Wakulima walifikia zaidi ya 20,000, na kwa kawaida husemwa kwamba kati ya kila 5, wanne ni wanawake. Kwa mara ya kwanza katika vijiji vingi mwanamke alikuwa na fedha ambayo haikupitia mkononi mwa mume. Alinunua sare za shule, vyombo, mabati. Nilipokwenda Paje, bibi mmoja aliyekuwa akianika mwani juu ya majani ya mnazi aliniambia jambo hilo kwa maneno machache: "Mwanangu, mlango ule na dirisha lile ni mwani. Hii miguu yangu inayouma nayo ni mwani." Alicheka, lakini miguu aliionyesha.

Aina zilizoletwa zilikuwa mbili, na wafanyabiashara wanaziita cottonii na spinosum. Kwa sayansi, ya kwanza ni Kappaphycus alvarezii na ya pili ni Eucheuma denticulatum. Cottonii ina karajini inayoganda vizuri zaidi, na bei yake imekuwa mara mbili ya spinosum au zaidi. Mkulima yeyote angetaka kulima cottonii. Tatizo ni kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 2000 cottonii ilianza kufa. Mavuno yaliporomoka kijiji baada ya kijiji, mpaka sehemu nyingi zikabaki na spinosum peke yake, ile ya bei ndogo. Ufanye kazi ile ile, usimame kwenye maji yale yale, kwa mapato yaliyopungua hivyo.

Mmea ulikufaje? Wakulima waliona matawi yakigeuka kuwa meupe, kwanza kama pete ndogo katikati ya tawi, kisha pete inapanuka, tawi linalainika na kukatika, na fungu zima linachukuliwa na maji. Wafilipino walikuwa wameuona ugonjwa huo tangu miaka ya 1970 na kuuita aisi-aisi, kwa maana ya barafu, kutokana na ule weupe.

Hapo ndipo historia ya mwani inapoingia katika ulimwengu wa viumbe visivyoonekana kwa macho, na mimi kama mwalimu hapo ndipo ninapoongeza sauti darasani. Mililita moja ya maji ya bahari, matone yasiyojaza kijiko cha chai, inaweza kuwa na bakteria laki kadhaa hadi milioni moja. Hao ndio wanaoozesha, wanaorudisha virutubisho majini, wanaolisha viumbe vidogo vinavyolisha samaki. Mwani haukui peke yake katikati yao. Ngozi yake imefunikwa na tabaka la bakteria, kama ngozi yako ilivyofunikwa sasa hivi unaposoma. Wengi hawana neno. Baadhi husaidia. Wachache wanasubiri.

Mwaka 1995 Danilo Largo, mtafiti wa Ufilipino, pamoja na wenzake wa Japani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya aisi-aisi katika aina hizi hizi mbili. Walihesabu bakteria kwenye matawi yenye ugonjwa na yasiyo na ugonjwa. Kwenye matawi yenye ugonjwa walikuta idadi kubwa mara 10 hadi 100. Waliwatenga bakteria wa makundi mawili, la Vibrio na la Cytophaga, wakawarudisha kwenye matawi mazima, na baadhi yao wakaleta weupe ule, hasa pale mmea ulipokuwa tayari umedhoofika. Katika kazi nyingine ya mwaka huo walionyesha kwamba mmea unaweza kugeuka mweupe ukiwekwa kwenye maji yenye joto la nyuzi 33 hadi 35, au ambayo chumvi yake imeshuka sana, au mahali pasipo na mwanga wa kutosha.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja unapata picha ambayo mtu wa Kilimanjaro hahitaji kufafanuliwa sana. Bakteria hao huwapo hata kwenye mmea mzima, kwa idadi ndogo. Maji yakipata joto kupita kiasi, mmea huchoka, ulinzi wake hulegea, na mlango hufunguka. Baadhi ya bakteria wana vimeng'enya vinavyokata karajini vipande vipande na kuila. Kile kile ambacho viwanda vya Ulaya na Marekani vinakitafuta ndani ya mwani, bakteria nao wanakitafuta. Ugonjwa unaanza na joto, na bakteria wanamalizia.

Na bahari yetu imepata joto. Mwaka 1998 matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya Tanzania, yaligeuka meupe kwa wingi baada ya maji kupata joto isivyo kawaida. Matumbawe nayo huishi kwa ushirika na viumbe vidogo mno, na joto likizidi ushirika ule huvunjika. Mashamba ya mwani yalikuwa yamewekwa mahali pabaya zaidi kwa jambo hilo: maji ya magotini, ambayo jua la mchana huyachemsha maji yanapokupwa. Yalikuwa hapo kwa sababu wanawake waliweza kufika hapo kwa miguu.

Aliyelifuata tatizo hili kwa muda mrefu ni Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978. Kazi zake za mwanzo zilihusu swali lingine la ikolojia: je, mwani unaweza kusafisha maji machafu yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki? Mwaka 2002 yeye na Amir Neori wa Israeli walionyesha, katika jarida la sayansi za bahari la ukanda wetu, kwamba mwani wa kienyeji wa aina mbili unaweza kunyonya uchafu huo. Baadaye maisha yake ya utafiti yalielekea zaidi kwenye mashamba ya wanawake na kufa kwa cottonii: kupima joto na chumvi ya maji, kuorodhesha magonjwa na magugu yanayoushambulia mwani, kuwahoji wakulima juu ya kile walichokuwa wamekiona kabla ya watafiti kufika.

Jibu alilolijaribu kwa upande wa kilimo lilikuwa kuupeleka mwani kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto halipandi sana, kwa kutumia nyavu ndefu zilizoshonwa kama bomba ambazo mwani hujazwa ndani yake usichukuliwe na mawimbi. Kwa mmea, ni jibu lenye mantiki. Kwa binadamu, lina gharama. Kina kirefu kinataka boti. Boti inataka fedha na mafuta. Na wengi wa wanawake wale, ingawa wamekaa majini nusu ya maisha yao, hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Kwa hiyo utafiti wa bakteria na joto ukajikuta umefika kwenye masomo ya kuogelea kwa akina mama. Katika vitabu vya chuo hutaikuta sura yenye mada hiyo.

Jibu lake la pili lilihusu mizani. Mwaka 2006 ulianzishwa Zanzibar umoja unaowaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali katika zao la mwani, na Msuya alikuwa mstari wa mbele. Kina mama walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta ya kupaka na vyakula. Kama unachovuna ni spinosum ya bei ndogo, angalau usiiuze yote ikiwa ghafi. Nilinunua kipande cha sabuni hiyo Unguja mjini, nikakileta Soweto, nikakipitisha darasani. Wanafunzi walikinusa, wakauliza bei, na mmoja akauliza kama bakteria wa aisi-aisi wamo ndani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya muhula ule.

Sasa nirudi kwenye mlima, maana nilisema mambo haya yanafanana.

Kila mtoto aliyekulia kihambani anajua kwamba mgomba haupandwi kwa mbegu. Unachimba chipukizi la mgomba mama, unalihamisha. Kwa hiyo migomba ya aina moja katika ukoo mzima ni kama mmea mmoja uliogawanywa, na ugonjwa unaouua mmoja una ufunguo wa yote. Mwani unalimwa hivyo hivyo. Hakuna mbegu kwa maana ya kawaida, kuna vipande vya mmea mama, vinavyofungwa kwenye kamba vuli na masika, mwaka hadi mwaka. Mashamba yetu ya pwani yalianza na vipande vilivyoletwa tangu 1989, na watafiti waliochunguza vinasaba vyake wamekuta tofauti ndogo mno kati ya mmea na mmea. Bakteria akiweza kuuingia mmoja, hahitaji kujifunza upya.

Kahawa ya Kilimanjaro nayo ilipigwa. Chulebuni iliingia miaka ya 1960 na kuozesha matunda yangali mabichi. Lakini kahawa ilikuwa na kitu ambacho mwani haukuwa nacho. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, mwendo mfupi kutoka hapa Moshi, kilikuwapo tangu miaka ya 1930. Kilipita katika vipindi vya neema na vya kusahauliwa, na mwaka 2001 ikaundwa taasisi ya kitaifa ya utafiti wa kahawa, makao yake pale pale. Kutoka hapo zilitoka aina chotara zinazovumilia chulebuni na kutu ya majani. Ilichukua miongo kadhaa ya kuchavusha, kupanda, kusubiri miaka ya mti kuzaa, kutupa isiyofaa, kuanza upya. Mkulima wa Kibosho au Machame anayepanda miche hiyo leo hawajui kwa majina watu waliosubiri.

Mwani ulipata mtu wa kusema kwamba unawezekana, tena mapema, miaka 13 kabla ya kampuni kufika. Ulipata wanunuzi. Haukupata Lyamungu yake. Kwa miaka mingi uchunguzi wa magonjwa yake ulibebwa na watafiti wachache mno wakilinganishwa na maelfu ya wakulima, huku fedha za miradi zikija na kuondoka. Tunapenda kusimulia sayansi kama hadithi ya ugunduzi: mtu ameona, ameandika, ametunukiwa. Mshigeni alistahili heshima zote alizopata, na maisha yake yaliendelea mbali na pwani, hadi uongozi wa vyuo vikuu Namibia na hapa nyumbani, na utafiti wa uyoga. Lakini zao halilindwi na ugunduzi. Linalindwa na mtu anayerudi kila mwezi na kipimajoto, akahesabu bakteria, akaandika namba kwenye daftari, na kupokewa na mwingine anapostaafu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa vijana walichukue. Ile Eucheuma ambayo Mshigeni na Semesi waliichunguza miaka ya 1970 ilikuwa ya hapa kwetu, iliyoota yenyewe kwenye miamba yetu muda mrefu kabla ya mbegu ya Ufilipino. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden na Tanzania walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mwani unaoota porini karibu na mashamba. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya uliokuwa ukiota porini ulikuwa wenye asili ya Asia, uliotoroka mashambani, na kwamba wa asili umepungua kwenye makazi yake. Wa asili haujaisha. Lakini mmea ule ambao umeishi na bakteria wa bahari hii kwa vizazi visivyohesabika, ambao huenda umebeba uvumilivu tunaoutafuta, tunaweza kuupoteza kabla hatujamaliza kuuliza maswali juu yake. Kwenye kahawa, uvumilivu wa magonjwa ulitafutwa kwa kuchanganya aina zenye asili tofauti. Ukibaki na aina moja huna cha kuchanganya.

Tangu mwaka 2020 Zanzibar imekuwa ikizungumza sana juu ya uchumi wa buluu, na mwani umo katika kila hotuba. Boti zimegawiwa, viwanda vinatajwa. Ninachokitafuta katika hotuba hizo ni maabara: watu wangapi wameajiriwa kuchunguza tabaka la bakteria kwenye ngozi ya mwani, kukusanya aina za asili na kuzitunza hai, kuwa pale mwaka wa 10 na wa 20. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupiga. Ina maji, joto, hadubini, na kuhesabu.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza siku hizi mwanawe atafanyia wapi kazi ya viumbe vya baharini, ninataja mahali kwa jina. Paje na Jambiani. Buyu, yaliko majengo ya Taasisi ya Sayansi za Bahari. Songo Songo kule Kilwa. Kunduchi. Na mdomo wa Mto Pangani, ambako maji ya Karanga na Rau yanakutana na chumvi, na ambako mtu akitaka kujua jinsi maji baridi ya masika yanavyobadilisha bakteria wa pwani, atahitaji pia kujua ni nini tulichokimwaga mtoni huku Moshi. Baadhi ya wazazi hunyamaza. Mmoja aliniuliza kama kuna mshahara. Nilimwambia upo, ni mdogo, na kazi ni nyingi kuliko watu.